Swali Lililokalishwa Chini

Mwaka 1997 nilimkalisha chini mtoto wa watu kwa kosa la kuuliza swali zuri. Nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari ambayo sina haja ya kuitaja jina. Siku hiyo kidato cha tatu walikuwa wanasoma kanuni ya Ohm. Nilikuwa nimekwisha kueleza kwamba ukinzani wa waya hutegemea urefu wake, unene wake na madini uliyotengenezewa, na kwamba waya wa shaba ukipashwa moto ukinzani wake huongezeka. Mvulana mmoja aliyeketi karibu na dirisha, mzaliwa wa kwetu Inyonga, akanyosha mkono, akasema: "Mwalimu, kama joto linabadilisha ukinzani, je, mawimbi ya redio nayo hayawezi kuubadilisha?"

Aliuliza kwa Kiswahili. Sheria ya shule ilikuwa kwamba nje ya kipindi cha Kiswahili kila kitu kisemwe kwa Kiingereza, na aliyeivunja alivishwa kibao shingoni, akazunguka nacho mpaka ampate mkosaji mwingine wa kumrithisha. Nikamwambia aulize kwa Kiingereza au akae. Alisimama kidogo, midomo ikimcheza, halafu akaketi. Mimi nikageukia ubao nikaendelea.

Naandika haya kwa ajili ya swali lile. Nimestaafu, nimerudi Inyonga, ambako siku hizi ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa. Nina muda wa kufikiri, na kadiri ninavyofikiri ndivyo ninavyozidi kuona haya. Nimefikia uamuzi ambao nausema wazi, atakayekasirika akasirike: kumfundisha mtoto sayansi kwa lugha ambayo hawezi kuulizia ni kuiua sayansi yenyewe, na wale wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi hawajapata kukitwisha mzigo huo wakaona kama kitaanguka.

Kwanza nimjibu kijana yule, kwa lugha aliyoniulizia, ingawa nimechelewa kwa zaidi ya robo karne. Msomaji anivumilie. Nataka awe shahidi wa jambo.

Jibu ni ndiyo, yanaweza. Tena mwaka ule ule nilipomkalisha chini, nchini Marekani kulikuwa na watafiti waliokuwa wakishughulika na jambo hilo hilo. Mwaka 2001 Michael Zudov na wenzake walichapisha matokeo yao: kuna namna ya kuziweka elektroni ambapo ukiwasha mawimbi ya maikrowevu, ukinzani hupanda na kushuka, hupanda na kushuka tena, kwa mpango maalumu. Mwishoni mwa mwaka 2002 Ramesh Mani na wenzake, akiwamo Mjerumani Klaus von Klitzing aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1985, wakaandika katika jarida la Nature kwamba mahali fulani ukinzani huo haupungui tu, bali unafika sifuri kwa kadiri vyombo vyao vilivyoweza kupima. Mwaka 2003 kundi la Zudov nalo likatoa ushahidi wa namna hiyo hiyo.

Inakuwaje? Tuanze na elektroni zenyewe. Ni vitu vidogo mno vyenye chaji hasi, na zikisafiri pamoja tunasema kuna mkondo wa umeme. Katika waya wa kawaida huweza kwenda mbele, kando, juu na chini. Lakini mafundi wa maabara wanajua kuzibana. Hujenga tabaka la galiamu na aseniki, na juu yake tabaka jingine la vitu hivyo hivyo vilivyotiwa alumini, yote kwa usafi wa kupita kiasi. Pale tabaka hizo zinapokutana, elektroni hunaswa katika utando mwembamba hata haziwezi tena kupanda wala kushuka. Zinabaki na urefu na upana tu, kama sisimizi waliobanwa kati ya vioo viwili. Katika utando wa sentimita moja ya mraba huweza kuwamo elektroni bilioni 300 hivi.

Utando huo hupozwa mpaka karibu nyuzi 272 chini ya sifuri, kisha huwekwa ndani ya nguvu ya sumaku. Sumaku huipinda njia ya kila elektroni ikawa inazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Hapo hutokea jambo la ajabu. Ukizisukuma kwa umeme, haziendi kule zinakosukumwa, hukata ubavuni.

Msomaji wa kwetu ataelewa upesi nikimwambia afikirie kilima. Ndugu zetu Wasukuma wapitishapo ng'ombe kwenye mteremko hawawateremshi moja kwa moja, huwakatisha ubavuni. Kundi likipita vizuri halipotezi kimo. Lakini njiani kuna visiki, na ng'ombe akijikwaa huteleza hatua chache kwenda chini. Elektroni nazo zina visiki vyao, ndiyo chembe chafu na kasoro zilizobaki katika tabaka. Kila ijikwaapo huteleza kidogo, na kule kuteleza ndiko kupoteza nishati, ndiko tunakokupima na kukuita ukinzani.

Sasa leta mawimbi ya maikrowevu. Mawimbi haya hutoa nishati yake kipande kwa kipande. Na elektroni inayozunguka ndani ya sumaku haipokei nishati ya kiasi chochote tu; ina ngazi yenye vipago vilivyoachana sawasawa, na lazima isimame kwenye kipago. Ikiwa kipande cha nishati kimezidi kidogo nafasi ya kipago kimoja, au viwili, au vitatu, elektroni ijikwaapo hupanda ngazi na kubaki na ziada mkononi. Ziada hiyo lazima iende mahali, nayo huirudisha elektroni juu ya mteremko badala ya kuiacha iteleze. Ikiwa kipande kimepungua kidogo, upungufu hulipwa kwa kuteleza chini zaidi. Basi ukiibadilisha nguvu ya sumaku taratibu, nafasi za vipago hubadilika, na ukinzani huenda kama vilima na mabonde. Kwa mawimbi yanayotikisika mara bilioni 100 kwa sekunde, mzunguko wa elektroni katika galiamu na aseniki hulingana na mtikisiko wa mawimbi pale sumaku inapofikia karibu robo ya tesla, nguvu ambayo hata sumaku ya spika ya redio huweza kuifikia. Na mahali ambapo waliorudishwa juu wanatosha kufuta hasara ya walioteleza, ukinzani hutoweka.

Haya si mambo ya kubahatisha. Mrusi Viktor Ryzhii alikwisha kuandika tangu mwaka 1970, kwa hesabu tu, kwamba mawimbi yanaweza kuzirudisha elektroni juu ya mteremko. Wapo wataalamu wengine, kama Dmitriev, Mirlin na Polyakov, wanaosema kwamba sababu kubwa zaidi ni jinsi mawimbi yanavyozipanga upya elektroni zenyewe juu ya vipago. Na mwaka 2003 Andreev, Aleiner na Millis wakaeleza kwa nini bonde linakoma kwenye sifuri: hesabu inapotaka ukinzani uwe chini ya sifuri, utando hauwezi kutulia katika hali hiyo, hivyo hujigawa katika maeneo ambayo mikondo yake inapishana, na jumla inabaki sifuri.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipokutaka uwe shahidi. Umesoma fizikia ambayo huko ulaya na Marekani inasomwa na watu wenye shahada za juu. Umekwama wapi? Kama umekwama, ni kwa ugumu wa jambo au ni kwa lugha? Nimetumia maneno ya kigeni machache: elektroni, galiamu, aseniki, maikrowevu, tesla. Hayo ni majina tu, na Mwingereza mwenyewe ameazima mengi ya hayo. Elektroni asili yake ni Kigiriki, galiamu ni Kilatini, Tesla ni jina la mtu. Maneno yanayobeba mawazo yenyewe yalikuwa ya kwetu: mkondo, wimbi, mteremko, kipago, kujikwaa, kuteleza. Mtoto wa Inyonga ambaye hajaingia darasani anajua mkondo ni nini, maana ameuona mtoni. Anajua kukinza ni nini, maana amekinza na amekinzwa. Neno ukinzani likimfikia linamkuta amekwisha kulielewa nusu. Lakini tunamnyang'anya neno hilo mlangoni mwa sekondari, tunampa jingine lisilo na baba wala mama kichwani mwake, kisha tunamwambia alikariri.

Watu wenye heshima zao watanijibu kwamba istilahi hazitoshi. Jibu hili nimelisikia tangu ujana wangu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, yaani miaka 7 kabla sijamkalisha chini yule kijana. Istilahi ni kama njia ya msituni: isipokanyagwa huota nyasi. Kamusi hukaa kabatini kwa sababu mtihani hauitaki, halafu tunaonyesha vumbi lililo juu yake kuwa ni ushahidi kwamba haifai.

Wala msidhani kwamba hatukuwahi kushauriwa. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza kuanzia mwaka 1985. Mwaka 1985 ulifika ukapita. Sera ya elimu ya mwaka 2014 nayo iliandika kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote, huku Kiingereza kikiendelea kutumika. Hata sasa mtihani wa fizikia wa kidato cha nne mtoto huukuta umeandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tunavaa kanga na vitenge siku hiyo, tunahutubia, tunapiga ngoma. Asubuhi yake watoto wanarudi darasani, ambako lugha hiyo hiyo ni kosa.

Wengine watasema jambo jingine: hayo ya utando wa galiamu na baridi ya nyuzi 272 yanamhusu nini mrina asali wa Inyonga? Yeye anataka mizinga, barabara na bei nzuri. Nawajibu kwamba watoke nje, watazame juu ya mapaa. Utando ule wa elektroni umo humu kijijini.

Mwaka 1980 Mjapani Takashi Mimura na wenzake wa kampuni ya Fujitsu walitangaza transista mpya iliyotumia utando wa namna hiyo. Mwaka 1985 ilitumika katika darubini ya redio ya Nobeyama huko Japani, kusikilizia minong'ono ya angani, na mwaka 1987 ikaingia katika vyombo vya kupokelea matangazo ya setilaiti. Leo mawimbi yanayotoka kwenye setilaiti, umbali wa kilomita 36,000 hivi, yanafika kwenye dishi lililo juu ya bati yakiwa dhaifu mno. Dishi huyakusanya kwenye kile kichwa kidogo kilicho mbele yake. Ndani ya kichwa hicho, mara nyingi, kuna utando mwembamba wa elektroni, na mtikisiko wa mawimbi, zaidi ya mara bilioni 10 kwa sekunde, huzipunguza na kuziongeza elektroni zilizo njiani, yaani huubadilisha ukinzani wa njia hiyo. Kwa kuubadilisha, mkondo mkubwa hufuata mchezo wa wimbi dogo, na sauti dhaifu inapata nguvu. Namna yake si ile ya maabara ya baridi, ambako mawimbi hubadilisha jinsi elektroni zinavyojikwaa. Lakini elektroni ni zilezile zilizobanwa, mawimbi ni ya jamii ileile, na swali ni lilelile la kijana wangu. Kila anayetazama taarifa ya habari kwa dishi hapa Inyonga anaangalia jibu lake.

Na tuseme basi haimhusu. Mtu asiyeelezwa haachi kuwa na maelezo. Hutafuta ya kwake. Mnara wa simu uliposimama karibu na kwetu, nilisikia wazee wakisema mionzi yake ni ile ya bomu la atomiki, na kwamba nyuki watakufa wote. Hakuna aliyewaambia kwamba neno mionzi ni kapu moja lenye vitu vingi, kwamba mawimbi ya maikrowevu hayana nishati ya kuing'oa elektroni katika atomu kama mionzi ya eksirei inavyoweza, na kwamba madhara yake yanayofahamika vizuri ni ya kupasha joto, yanapokuwa na nguvu nyingi. Vijana waliosoma walikuwapo. Waliyajua hayo kwa Kiingereza cha mtihani, wakashindwa kuyashusha barazani kwa babu zao. Elimu isiyoweza kurudi nyumbani ni ya nani?

Sasa nataka kusema lile lililo gumu kwangu. Nimewalaumu wakubwa, na lawama ni zao. Lakini siku ile ya mwaka 1997 sikumkalisha kijana kwa sababu ya sheria peke yake. Nilimkalisha kwa sababu sikujua jibu. Sikulijua kwa Kiingereza, sikulijua kwa Kiswahili. Kama tungekuwa tunaongea lugha yetu, ningelazimika kusema mbele ya darasa, "Sijui, tutafute." Kiingereza kiliniokoa na aibu hiyo. Nilijificha nyuma ya kibao kile cha shingoni, na naamini walimu wengi wa nchi hii wamejificha hapo. Huo ndio ubaya wa lugha isiyoeleweka darasani ambao hausemwi katika semina: inamkinga asiyejua, na inamtia hatiani anayetaka kujua. Mwanafunzi akinyamaza, tunaandika kwamba ni mzito. Mwalimu akikariri, tunaandika kwamba amemaliza mada.

Sisemi tukitupe Kiingereza. Haya niliyoyaeleza juu niliyasoma kwa Kiingereza, na mtafiti wetu atakayegundua jambo kesho atahitaji kuwaambia walimwengu kwa lugha wanayosoma. Kifundishwe basi, kifundishwe vizuri kama somo, na walimu waliokisomea. Lakini katika shule za Japani fizikia hufundishwa kwa Kijapani, na nchi ya von Klitzing huifundisha kwa Kijerumani. Watu wao hujifunza kufikiri kwa lugha yao, kisha hutangaza kwa lugha ya wengine. Sisi tunataka mtoto atangaze kabla hajafikiri. Wala nisiambiwe kwamba vitabu havipo. Vitabu hufuata amri. Siku mtihani utakapoandikwa kwa Kiswahili, wachapishaji hawatalala.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, walisema wazee wetu, na hawakuongeza kwamba aulize kwa lugha gani.

Kijana yule alipata sifuri katika mtihani wa kidato cha nne. Sikumwona tena kwa miaka mingi. Niliporudi Inyonga nikanunua dishi, nikaambiwa nimwite fundi fulani, kwamba hakuna amshindaye kulielekeza. Alipofika nikamtambua, ingawa mvi zimemwanza. Alipanda juu ya bati, akaligeuza dishi kidogo kidogo, huku akitazama kipimo chake. Kipimo kikapanda, akakaza skrubu.

Aliposhuka nilimkaribisha chai, nikamwambia nakumbuka aliwahi kuniuliza swali darasani, kama mawimbi yanaweza kubadilisha ukinzani. Nikamwambia jibu ni ndiyo, na kwamba lilikuwamo ndani ya kile kichwa cha dishi alichokuwa akikishika sasa hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza maswali matatu, yote mazuri, na mojawapo sikuweza kulijibu. Safari hii nilimwambia, "Sijui."

Akatabasamu, akasema: "Mwalimu, lile swali lenyewe silikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba nilikaa."